Nyumba nne, familia moja: kisa cha wageni wangu wa Kalemie

Mi nina kiduka cha steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, kopi, leminesheni, picha za pasipoti, na udalali wa nyumba uliniingia pembeni tu kwa sababu watu wakija kuchapa mkataba wa pango wanaishia kuniuliza "kaka, hujui chumba popote?" Kisa ninachoandika hapa ni cha familia moja ya Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kule Congo, nilihangaika nayo zaidi ya mwaka mzima. Nakiandika kirefu kwa sababu nilichemka mara mbili na wao wakachemka mara mbili, na ukiyaweka pamoja unaona vizuri mtu anavyochagua pa kukaa akiingia nchi ya watu. Nimewaomba ruhusa, majina nimebadilisha, nitawaita Papa Furaha na Mama Furaha.

Papa Furaha ni fundi wa mashine za boti, fundi kweli, yaani anainamisha sikio kwenye mashine anakwambia ringi zimekwisha kabla hajashika spana. Kampuni moja ya mizigo ya ziwani ikamtaka. Hakuja kama mkimbizi, hilo lishike maana litarudi mbele. Alikuja na ajira, mwajiri akamwombea kibali cha kazi afu ndo kibali cha kuishi, daraja B la wageni walioajiriwa, mke na watoto watatu wakaingia kwa pasi ya mtegemezi. Makaratasi hayo hayaishi leo wala kesho, ndo maana alivuka kwanza peke yake Julai 2024 kuangalia mazingira, akarudi kwao, familia nzima ikaja Julai 2025.

Ile safari ya kwanza alikaa siku nne. Akaja dukani na shati la kitenge lililopigwa pasi mpaka linakata, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Yaya, minatafuta nyumba karibu na kazi, minapendaka kutembea na miguu." Kwake hesabu ilishaisha, kazi iko Kibirizi basi na nyumba iwe Kibirizi. Nikampata mtu mwenye vyumba viwili na sebule, elfu 80 kwa mwezi, ukifungua dirisha ziwa hilo hapo. Alifurahi huyo! Alipiga picha dirisha tu kama mara kumi.

Sasa Kibirizi kwa wasiopajua ndo gati la boti zinazokwenda vijiji vya kaskazini, hata wanaoenda Gombe kuangalia sokwe wanapandia pale, na mizigo ya Congo na Burundi inapita hapo usiku na mchana. Ila jamaa alikuja Julai, na 2024 ndo mwaka ziwa lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapumue wazaliane. Kwa hiyo pale palikuwa kimya, mitumbwi imepinduliwa mchangani, watu wanacheza bao. Kibirizi ya ziwa limefungwa na Kibirizi ya ziwa limefunguliwa ni mitaa miwili tofauti kabisa, likifunguliwa ni mashine saa tisa za usiku, kelele za mnada, dagaa wameanikwa mpaka mlangoni na harufu yake inaingia kwenye shuka. Papa Furaha alidhani amefika peponi, mi nikamwambia rudi Agosti tarehe 20 usikilize.

Lakini kilichoiua nyumba ile ni ukuta. Nilimvuta nyuma, upande wa jikoni, ukuta umepakwa chokaa mpya nyeupe pee, ila kuanzia chini mpaka kimo cha goti chokaa imevimba inabanduka vipande kama ukoko wa wali, ukipitisha kidole unatoka na unga wa chumvichumvi. Tangu 2020 hivi ziwa lilikuwa linapanda tu, na 2024 ndo lilifika pabaya, sio huku peke yake, Bujumbura na Uvira watu walihama nyumba. Mwenye nyumba akasema maji yalifika mara moja na yameshaondoka. Papa Furaha akampigia mkewe video akamuonyesha ukuta. Mama Furaha alikaa kimya kidogo afu akasema, "Lukuga njo mulango moya tu ya hii ziwa. Iyo mayi haijaenda."

Mi mtoto wa Kigoma, nimezaliwa hapa, hilo nilikuwa silijui vizuri. Mito inaingia mingi, Malagarasi, Ruzizi, na vijito kibao vya milimani, ila kutoka maji yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, na mto huo unaanzia pale pale Kalemie kwao. Mengine yote yanaondoka na jua. Ndo maana ziwa likipanda haliwi na haraka ya kushuka, linaweza kukaa hapo miaka. Yule mama hajawahi kukanyaga Kigoma lakini alisoma ukuta wa Kibirizi kupitia simu kuliko mimi niliyesimama mbele yake. Nyumba ikafa hapo.

Nyumba ya pili nilimtafutia Gungu, walipofika wote 2025. Nyumba nzima, fensi, geti, silingi bodi, maji ndani, laki mbili na nusu kwa mwezi. Nikamwambia mwenye nyumba anataka miezi sita, milioni moja na nusu, na mi changu mwezi mmoja kama kawaida. Akakubali palepale bila hata kuomba punguzo, na hapo ndo ningeshtuka, maana hakuna mtu Kigoma anayetoa milioni na nusu bila kuvuta pumzi. Tulivyofika kwenye mkataba akaniuliza kwa upole kabisa, "Na siku ya kutoka, banarudisha zote ao banakata ya rangi?"

Zote zipi?

Kumbe kule kwao unatoa garanti, miezi kadhaa, mwenye nyumba anaishika, unalipa kodi yako kila mwezi, na siku unahama unarudishiwa garanti yako. Yeye alisikia "miezi sita" akaielewa kama garanti. Kichwani mwake ile milioni moja na nusu ilikuwa ni hela yake imepumzika kwa mtu, kumbe huku ni kodi, inaliwa mwezi kwa mwezi, ikiisha unatoa nyingine. Alikaa chini kwenye ngazi ya ile nyumba akaanza kuhesabu upya kwa vidole. Mkewe akacheka, yeye hakucheka.

Hili ndo kosa langu la kwanza na nalirudia kwa madalali wenzangu kila siku. Mgeni wa Kifaransa kitupu ningemweleza kila kitu kama mtoto, hatua kwa hatua. Huyu kwa sababu anaongea Kiswahili nikaruka nusu ya maelezo. Kiswahili kimoja, lakini maneno ya pango hayakukua nyumba moja. Siku hizi nauliza kwanza "kwenu mtu akipanga analipaje?" afu nanyamaza.

Na nyumba yenyewe ilivunjika kwa sababu nyingine. Mwenye nyumba alikuwa anaongea nami tu siku zote, siku ya kusaini ndo akakutana nao, akasikia lafudhi, akanivuta pembeni, "Dalali, sikukwambia sitaki wakimbizi?" Nikamtolea kopi ya kibali, nimeitoa mwenyewe leminesheni, nikamwelewesha kwamba mkimbizi kwa utaratibu wa nchi hii anakaa kambini, kama Nyarugusu, huyu ni mwajiriwa mwenye kibali. Akasoma, akarudisha. "Hata hivyo." Neno moja hilo, hata hivyo. Papa Furaha aliyasikia yote, alikuwa hatua tano tu, akasema "Siye hatuko wakimbizi" kwa sauti ya chini sana, hata sijui alikuwa anamwambia nani. Tukaondoka. Mwenye nyumba simtaji, na nyumba zake sipeleki mtu tena ila hilo halimpunguzii kitu, zimejaa.

Watu wa nje hawajui hii hali ya Kigoma. Hapa hata Muha aliyezaliwa Kasulu bibi yake na bibi wa bibi yake anaweza kuulizwa karatasi, tumepakana na Burundi, ng'ambo ni Congo, kambi ziko mkoani kwetu. Sasa mgeni halali akija, ulinzi wake ni watu wanaomjua mtaani, balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, bibi wa jirani. Fensi ndefu inakufungia mbali na hao hao. Mi Gungu nilikuwa naiuza kwa sababu ya fensi, na nisiwe mnafiki, kamisheni ya laki mbili na nusu sio ya elfu 80.

Wakati huo wako gesti, wiki ya tatu sasa, watoto watano kwa vitanda viwili ukihesabu na mama na baba, maana baba naye alishaanza kununa kama mtoto. Hapo Mama Furaha ndo akaingia kazini. Yeye ni mtu wa vitenge, kule Kalemie alikuwa na meza sokoni miaka kumi, na alikuja na mabunda matatu. Hesabu yake ilikuwa Mwanga, karibu na soko, nyumba ndogo tu ya kulala ila fremu ya duka iwe barabarani. Tukapata fremu, tukapata vyumba viwili nyuma yake, choo cha kushea na wapangaji wengine wawili, mita ya umeme moja. Kwa mtu wa biashara ni sawa, nyumba ni pa kulala tu. Alishatoa dola mfukoni alipie, nikamzuia, kwa sababu kanuni za Machi 2025 zimekataza kutozana fedha za kigeni humu ndani, nikamwambia kabadilishe kwanza uje na shilingi. Alinuna, ila ile foleni ya kubadilisha hela ndo ilimuokoa.

Maana tarehe 28 Julai 2025 likatoka lile agizo la serikali la kuzuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Biashara ya jumla na rejareja ndo ya kwanza kabisa kwenye orodha. Kuna uwakala wa hela kwa simu, kuna saluni, kuna ufundi simu, kuna kununua mazao shambani, na udalali wa nyumba nao umo, kwa hiyo mimi nimelindwa, ahsante. Mgeni akikamatwa faini haipungui milioni 10, kibali na viza vinafutwa, na Mtanzania anayemfunika naye ana faini yake. Na hata kabla ya agizo, pasi ya mtegemezi haikuwa inamruhusu kufungua duka, hilo mi nilikuwa nalijua nusunusu nikanyamaza, nikasema si anajua mwenyewe. Kosa langu la pili hilo, na kubwa kuliko la garanti, kwa sababu la garanti angepoteza hesabu, hili angepoteza nchi.

Kuna mtu alimshauri aandike fremu kwa jina la Mtanzania. Nilimwambia akifanya hivyo asinitafute tena.

Basi tukakaa gesti, mimi, yeye, mumewe, soda tatu za moto maana umeme ulikatika. Na hapo kwa mara ya kwanza tukaongea habari ya maana ambayo ilitakiwa iwe ya kwanza Julai 2024. Mpaka hapo nyumba zote zilichaguliwa kwa ajili ya mtu anayetoka. Kibirizi kwa ajili ya kazi ya baba, Mwanga kwa ajili ya duka la mama, Gungu kwa ajili ya kamisheni yangu. Sasa duka halipo, baba anatoka saa kumi na mbili asubuhi anarudi usiku, na ziwa likichafuka au boti ikiharibika Kagunga, kule kaskazini mpakani na Burundi, anaweza asirudi siku mbili. Anayebaki nyumbani kutwa nzima ni mwanamke mmoja asiyeruhusiwa kufanya biashara, asiye na ndugu, na watoto. Nikamuuliza yeye, sio mumewe, wewe mchana utakuwa unaongea na nani?

Akafikiri. Akasema Gungu ile ya fensi angekufa na kiwewe.

Nikawapeleka Ujiji. Mumewe hakutaka, na hoja yake ilikuwa ya kweli, Ujiji ni kilomita kama nane kutoka mjini na Kibirizi iko upande wa pili kabisa wa mji, daladala mbili kwenda mbili kurudi. Nyumba yenyewe ya zamani, kuta nene, bati lina kutu, vyumba vitatu, laki moja na elfu ishirini, uani mwembe mkubwa. Mi nilitaka tuangalie tuondoke nikale. Mama Furaha akaomba ndoo, akaipindua, akakaa chini ya ule mwembe saa sita kasoro, akasema anataka kuona joto ya saa saba na kusikia mayi inatoka saa ngapi. Nikakaa na njaa yangu. Saa saba akaingia ndani akashika ukuta kwa kiganja, akashika bati kwa fimbo sijui alikuwa anapima nini, akarudi kwenye ndoo. Bomba lilikoroma saa nane kasoro, likatema hewa, likatoa maji ya rangi ya chai kidogo afu yakawa safi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa risiti.

Katikati ya hapo jirani akachungulia, bibi mmoja wa kanga mbili, "We mtoto wa wapi?" Kalemie. "Kalemie wapi, ya mlimani au ya chini?" Yule bibi babu zake ni Wamanyema, walivuka enzi za misafara ya pembe na wasivuke kurudi, na Ujiji nusu ya mji ina hadithi ya aina hiyo. Huu mji umepokea wageni kabla hata mpaka haujachorwa, Livingstone mwenyewe alikuwa mgeni mgonjwa hapa Stanley alipomkuta 1871. Wakaanza kutajiana majina ya samaki, huyu anamwita hivi huyu vile, mi nikajua nyumba imeshapatikana ingawa baba bado anahesabu nauli.

Wasiwasi wa mama ulikuwa mmoja, wao ni Wakatoliki na Ujiji ni mji wa Waislamu zaidi, akaogopa watoto kutengwa. Bibi akamwambia hao mapadre wenu wazungu walifikia hapa hapa kwanza, na ni kweli, White Fathers walifika Ujiji 1879. Jumapili wanaenda kanisani, Ijumaa wanakula pilau ya jirani.

Kabla hawajaingiza godoro niliwapeleka kwa balozi na kwa mwenyekiti wa mtaa, wakaandikwa, wakapewa barua. Hii nusu saa ilikuja kulipa mwezi Oktoba. Kulikuwa na ukaguzi kituo cha daladala, Mama Furaha karatasi kaacha nyumbani, akawekwa pembeni na wengine. Mtoto wa yule bibi akakimbia kwa balozi, balozi akaja na kandambili mguuni, akasema huyu namjua, nyumba ya tatu kutoka msikitini, mume fundi wa mashine, kibali kiko nyumbani. Ikafuatwa, ikaonyeshwa, yakaisha kwa dakika arobaini. Gungu angetetewa na nani, geti?

Sio kwamba yote yalinyooka. Nyumba ilikaa tupu miezi 13, na mi sikukagua luku. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi, na usiponunua umeme deni linajikusanya linakungoja. Mama wa watu siku ya kwanza kanunua umeme wa elfu 20, deni likala 19,500, akapata uniti za kuwasha taa ya choo. Akanipigia saa mbili usiku nikadhani kuna msiba. Nilimrudishia hela yangu mwenyewe, afu nikamkaba mwenye nyumba mpaka akanirudishia mimi.

Shule ilikuwa ngumu. Watoto walikuwa wanasoma kwa Kifaransa, mkubwa wa miaka 13 alikuwa anakaribia kumaliza msingi kwao. Shule ya serikali anasoma Kiswahili afu sekondari inageuka Kiingereza chote, kwa hiyo angebadilishiwa lugha mara mbili ndani ya miaka miwili. Wakampeleka shule ya kulipia ya Kiingereza, akarudishwa nyuma darasa moja, akalia. Wadogo wawili wakaenda ya serikali karibu na nyumbani, na ndani ya miezi mitatu wakaacha kusema "mayi", mama yao hilo linamuuma kuliko ada.

Na Papa Furaha ndo aliyelipa gharama. Boti ikiingia usiku wa manane daladala hakuna, boda ya Kibirizi mpaka Ujiji saa hizo wanakutajia bei wanavyotaka. Kuna wiki analala kibandani kazini siku tatu. Alishaniuliza kiwanja, nikamwambia mgeni hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji na ina taratibu zake, sheria ya 1999 hiyo, akasema basi. Akanunua pikipiki ya mkononi, ndo inamvusha sasa, ingawa mkewe anasema halali mpaka aisikie kona ya msikiti. Mi nimemsikia fundi mzima wa mashine akisifia pikipiki inayovuja oili, nikajua jamaa amechoka kutafuta nyumba.

Vitenge vile mabunda matatu vilirudi Kalemie kwa dada yake. Mama Furaha hafanyi biashara, anashona zake tu za nyumbani, anamsaidia yule bibi kuanika dagaa, na kutwa hakai peke yake hata akitaka.

Februari 2026 miezi sita iliisha. Mwenye nyumba aliongeza elfu kumi, wakalipa sita mingine kwa shilingi, bila mimi, mkataba tu ndo walikuja kuchapa dukani kwangu. Papa Furaha alisoma kila mstari kwa kidole, akafika mwisho, akanitazama, akaniuliza tena garanti yake inatoka lini. Nilicheka. Yeye alisaini tu.